"Uliwahi kumshawishi mtu?" Swali la usaili wa polisi linalowatoa watu jasho

Jamani wiki hizi meseji zinazoingia kwangu ni za jambo moja tu, sijui nani kawaambia mimi askari mstaafu natembea na majibu ya paneli ya usaili mfukoni. Zikitangazwa nafasi za Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto, basi simu yangu inalia mpaka chaji inaisha. Na wote mnauliza kitu kimoja kila mtu kivyake: nimeulizwa kuhusu kushawishi watu, nimejibu hivi, nilitakiwa nijibu nini? Nimechagua barua chache, nyingine nimezipunguza maana kuna mtu kaanza na historia ya babu yake. Majina nimeyatoa, mtajitambua wenyewe.

SWALI: Shikamoo afande. Mimi niko Kahama naendesha bodaboda, nimemaliza kidato cha nne na JKT nimepita kwa kujitolea. Nimeitwa usaili wa polisi. Rafiki yangu aliyepita huko kaniambia kuna swali la "toa mfano wa siku ulimshawishi mtu akabadili msimamo". Sasa mimi sijawahi kukaa ofisini wala kuongoza kitu chochote, nitasema nini? Kitu pekee nakumbuka kuna siku kijiweni walimkamata dogo kaiba betri ya pikipiki wakataka kumchoma moto nikawazuia, ila naona hayo ni mambo ya mtaani tu. (Dereva boda, Kahama)

JIBU: Marahaba mwanangu. Sasa we umeniandikia jibu mwenyewe halafu unaniuliza jibu liko wapi! Hiyo stori ya betri ndo ya kwenda nayo, acha kabisa kutafuta mfano wa ofisini.

Wale waliokaa nyuma ya meza wengi wao wameanzia chini, doria za miguu usiku, lindo, kituo kidogo cha kata askari wachache na gari hakuna, wanajua fika kwamba sehemu kubwa ya kazi ya askari ni mdomo. Mke na mume wanagombana saa saba usiku, mlevi hataki kutoka grosari, mwenye nyumba kamtolea mpangaji vyombo nje, hao wote huwapigi virungu, unaongea nao mpaka jambo linatulia. Ndo maana enzi za IGP Said Mwema Jeshi likaja na kauli ya utii wa sheria bila shuruti na polisi jamii ikashuka mpaka kwenye kata, haikuwa maneno ya kuchapa kwenye fulana tu, maana yake raia atii kwa sababu kakubali na siyo kwa sababu kaona mtutu. Paneli ikikuuliza umewahi kumshawishi mtu inatafuta dalili kama unayo hiyo kabla hawajakupeleka Moshi kukufundisha kwata, kwata inafundishika kwa mtu yeyote, hii nyingine inachukua muda.

Ugonjwa wa watahiniwa karibu wote, na hapa naomba unisikilize vizuri, ni jibu la "nilimkalisha chini nikamwelimisha akaelewa". Kila mtu anaelimisha! Mwalimu anaelimisha, mgambo anaelimisha, aliyemaliza chuo jana naye anaelimisha. Ulimwambia nini hasa? Akaelewaje? Mtu ameshika petroli mkononi haelimishwi. Kilichotokea kati ya "nilimkalisha chini" na "akaelewa" ndo jibu lenyewe, na watu wanaliruka lote.

Kwahiyo kabla ya siku ya usaili kaa peke yako ukumbuke. Nani alikuwa na hasira kuliko wote? Alikuwa anaogopa nini? We ulimfuata nani kwanza, ukamwambia maneno gani, yeye akakurudishia nini? Matokeo yake? Hapa chini najazia kwa kubuni ili uone umbo lake tu, we weka yaliyotokea kweli:

"Ilikuwa jioni kijiweni kwetu, madereva wamemkamata kijana na betri ya pikipiki ya mwenzetu, watu wamejaa na mmoja ameshaanza kunyonya petroli kwenye tenki. Niliona nikipiga kelele na mimi hakuna atakayenisikia, kwahiyo nikamfuata mwenye betri maana wengine wote walikuwa wanamwangalia yeye. Nikamuuliza, we unataka nini hasa? Akasema nikimpeleka polisi kesho namkuta hapa ananicheka. Nikamwambia wanatoka kwa sababu hakuna anayeenda kuandika maelezo, mimi naenda na wewe sasa hivi tunachukua RB (namba ya taarifa ya kituoni), na siku ya mahakama nakuja kutoa ushahidi. Nikamwambia pia huyu akifia hapa tunabeba kesi ya mauaji wote, na mauaji hayana dhamana, pikipiki zetu zitalala nje na watoto watakula nini. Akanyamaza, halafu akawaambia wenzake muacheni. Tukapita kwa mwenyekiti wa mtaa tukaenda naye kituoni. Alikuwa ameshapigwa kabla sijafika, hilo sikuwahi kulizuia."

Umeona hapo? Huyu hakuhutubia kundi, alitafuta mtu mmoja ambaye akikubali wengine watafuata. Halafu hakuanza na sheria, alianza kwa kuuliza, akapata hofu ya kweli, kwamba mwizi atatoka kesho, ndo akaijibu hiyo hofu kwa kitu anachoweza kukifanya yeye mwenyewe. Sheria ikaja baadaye. Na ile sentensi ya mwisho ya "sikuwahi kulizuia" usiitoe kama ndivyo ilivyokuwa, maana stori ambayo kila kitu kimeenda sawa inanuka uongo.

Jibu lote lisizidi dakika mbili tatu. Wakitaka zaidi watakuuliza, we subiri.

SWALI: Habari za kazi afande. Nimesoma ualimu, ajira hakuna, nikaomba polisi. Kwenye usaili nikaulizwa: mtuhumiwa unayemhoji hataki kusema ukweli, utamshawishi vipi? Nikajibu nitamwambia akisema ukweli nitaongea na mkuu wa kituo apunguziwe kosa au aachiwe mapema. Nikaona wanaangaliana. Nilikosea wapi? (Mwalimu bila darasa, Morogoro)

JIBU: Nzuri binti yangu. Waliangaliana kwa sababu umewaambia mbele yao kwamba kesi zao utazipoteza mahakamani.

Iko hivi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inakubali ungamo mtu alilolitoa polisi ila kwa sharti kwamba alilitoa kwa hiari yake, na mzigo wa kuthibitisha hiyo hiari uko kwa upande wa mashtaka, siyo kwake. Ungamo likipatikana kwa vitisho au kwa ahadi kutoka kwa askari mahakama inaliona siyo la hiari. Watu wengi wanajua habari ya vitisho na kipigo, ile ya ahadi ndo inawapita kushoto. Ukimwambia "sema tu nitakusaidia" umeshatoa ahadi, wakili wake atakusubiri kizimbani na hiyo sentensi, ikithibitika maelezo yako ya onyo (yale unayoandika baada ya kumwonya mtuhumiwa kuhusu haki zake) yanatupwa nje, na mwizi wa kweli anaondoka anapunga mkono.

Kenya wamebana zaidi. Kule ungamo linatolewa mbele ya jaji au hakimu, au kama ni polisi basi awe na cheo kilichotajwa na sheria na asiwe yule anayepeleleza hiyo kesi, na mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Ukiona nchi imeandika sheria ya namna hiyo ujue wameshaumwa na ungamo la kulazimisha.

Sasa ulitakiwa ujibu nini? Mimi ningependa nisikie mtahiniwa anasema hivi, kwa maneno yake: kwanza nitamwambia mimi ni nani, anatuhumiwa nini, na haki zake ni zipi, ikiwemo kwamba halazimiki kusema kitu. Nitahakikisha hana njaa, hana jeraha ambalo halijatibiwa, anaelewa lugha tunayoongea. Nitakuwa nimeshasoma jalada kabla ya kukaa naye. Halafu nitamwachia aeleze siku yake yote mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, ndo nirudi nyuma kidogo kidogo kwenye yale yanayogongana na ushahidi nilionao, nimuulize kwa utulivu hapa imekuwaje. Na nitaangalia saa, maana muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi kwa sheria yetu ni masaa 4, ukizidi bila kuongezwa kwa utaratibu maelezo yako yanaweza kuondolewa kwenye ushahidi hata kama yana ukweli mtupu. Hapo hata ukisahau maneno mengine hilo la masaa linaonyesha mtu umejiandaa.

Na akikataa kabisa kusema? Basi amekataa, ni haki yake, naenda kutafuta ushahidi mwingine. Sema hivyo hivyo bila aibu. Paneli ikikubana "kwahiyo umeshindwa?" usitetereke, wanataka kuona kama ukikosa njia utaanza kutafuta mkanda.

Waingereza walijifunza hili kwa aibu kubwa. Wale watu 4 wa Guildford waliachiwa 1989 na wale 6 wa Birmingham wakaachiwa 1991, wote walikaa jela miaka mingi kwa milipuko ambayo hawakuifanya, na maungamo yao yalikuwa ndo nguzo ya kesi. Miaka ya mwanzo ya 1990 polisi wa kule wakaanza kufundishwa mfumo mpya wa kuhoji unaoitwa PEACE, kazi yake ni kukusanya maelezo kamili ya mtu, siyo kumkamua mpaka akubali. Ukiweza kulitaja hilo kwa sentensi moja sawa, ila usiende kutoa lekcha, umeenda kuomba kazi.

SWALI: Afande shikamoo. Swali nililokutana nalo: "Mtu amepanda mnara wa simu anatishia kujirusha, umefika wewe na mwenzako, utamshawishi vipi ashuke?" Nikasema nitamwambia afikirie familia yake na kwamba kujiua ni kosa kisheria na ni dhambi. Nilipata alama? (Kijana, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Alama sijui, mimi sikuwepo, lakini mimi nisingekupa nyingi.

Fikiria huyo mtu. Yuko juu kule pengine kwa sababu ya hiyo hiyo familia unayomtajia. Ni kweli Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inaliita jaribio la kujiua kosa (Kenya Mahakama Kuu ilikitupilia mbali kifungu cha namna hiyo mwaka 2025), lakini ukimkumbusha mtu aliye juu ya mnara kwamba akishuka anakwenda mahabusu, si umempa sababu ya kutoshuka? Dhambi anaijua, kaifikiria kabla ya kuanza kupanda.

Kazi hii ina wenyewe waliowahi kukaa wakaifikiria vizuri. Mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich watu 11 wa timu ya Israel waliuawa katika tukio la utekaji, na uokoaji wa polisi uliharibika vibaya. Polisi wa New York wakaona hili likija kwetu tutafanya nini, na kweli Januari 1973 wakapata tukio lao Brooklyn, majambazi wamejifungia na mateka kwenye duka la vifaa vya michezo kwa masaa 47. Mwaka huo huo wakaanzisha kikosi cha majadiliano, mbunifu wake akiwa Harvey Schlossberg, askari mpelelezi aliyesomea saikolojia mpaka udaktari, pamoja na Frank Bolz aliyekiongoza. Kauli yao ni "zungumza nami". Siyo "nisikilize", ni zungumza nami, yaani we mwenye shida ndo uongee.

Baadaye FBI wakaichora kama ngazi yenye hatua 5: unamsikiliza, unaonyesha umehisi anachopitia, mnajenga ukaribu, halafu ndo unamshawishi, halafu ndo anabadilika. Hesabu vizuri, kushawishi kuko hatua ya 4! Wewe na wenzako wengi mnaanzia hapo juu, mnaruka tatu za chini, ndo maana maneno mazuri yanapita kama upepo.

Kwahiyo jibu langu lingekuwa hivi: mwenzangu anawasogeza watu mbali, wale wanaopiga kelele "ruka" na wanaorekodi na simu wote waondoke, anaita Zimamoto na Uokoaji, na anatafuta mtu wa kumuuliza huyu ni nani na leo kumetokea nini. Mimi nabaki naongea naye peke yangu, siyo watu watatu wanamshauri kwa mkupuo. Namwambia jina langu, namuuliza lake. Namuuliza kimetokea nini leo. Akisema "wamenichosha wote" namrudishia "wamekuchosha", nanyamaza, anaendelea. Simwambii namwelewa kabisa maana simwelewi. Simwahidi kitu nisichoweza, siyo kwamba mke atarudi, siyo kwamba deni litafutwa. Simleti shemeji au mama mkwe kwenye spika bila kujua wana ugomvi gani. Akianza kuuliza vitu vidogo, maji, muda, nikishuka nini kitatokea, hapo ndo namwambia nini kitatokea hatua kwa hatua, atashuka taratibu, atapewa maji, atapelekwa hospitali kuonana na daktari, na mimi nitakuwepo. Nitachukua muda wowote utakaohitajika.

Hilo la muda liseme kwa sauti. Mtahiniwa anayeonyesha hana haraka anapendwa, kazi hii watu wanakufa kwa sababu ya haraka ya askari kutaka kumaliza zamu.

SWALI: Salaam mzee wangu. Niko Mombasa, nilifanya intavyu ya askari wa kaunti, hawa tunaowaita kanjo. Bodi ikaniuliza nitawashawishi vipi wachuuzi wanaouza barabarani wahame. Nikasema nitawaambia kwa upole, wakikataa nitatumia nguvu. Mmoja akacheka. Hapo nilisema vibaya? (Kijana wa Likoni)

JIBU: Salaam kijana wangu, poleni na foleni ya feri. Hukusema vibaya ila kati ya upole na nguvu umeacha shimo kubwa la kumeza lori zima. Aliyecheka pengine ameshaona ni hatua ngapi hapo katikati.

Kuna mpangilio wa hatua 5 unaofundishwa polisi nchi nyingi na unakaa vizuri sana kwa kazi ya kanjo. Unaomba kwanza, kwa adabu. Anakataa au anakuuliza kwa nini, unamweleza sababu, na siyo "ni amri kutoka juu" bali sababu yenyewe, ambulensi haipiti hapa, mtoto aligongwa. Bado, unampa chaguo: ukihama sasa mzigo wako unaondoka nao mzima, ukibaki sheria inaniruhusu kuuchukua na faini juu, mimi ningependa uondoke nao. Bado, unamuuliza mara ya mwisho: kuna kitu naweza kukuambia au kukufanyia hapa kikafanya ukubali? Hilo swali usilidharau, watu wengi hapo ndo wanasema kilichowakalia moyoni, "niachie nimalize hizi nyanya kabla hazijaoza". Akikataa na hapo ndo unachukua hatua, na ukichukua kila mtu aliyesimama pale ameona ulivyojaribu.

Na we mwenyewe unajua mama muuza mboga hagombani na kaunti, anagombania mtaji wa leo alioukopa jana. Kwahiyo waambie bodi utaanza kwa kumtafuta kiongozi wao maana wachuuzi wote wana kiongozi hata kama hajaandikwa popote, utaenda asubuhi kabla hawajapanga bidhaa na siyo saa kumi jioni wakati wateja wanashuka kwenye matatu, utakwenda ukiwa unajua sehemu waliyotengewa iko wapi na ina wateja au ni jangwani, maana ukiwapeleka pasipo na mteja watarudi kesho na wewe utaonekana muongo.

Halafu kama unawaza kuomba polisi ya taifa siku moja, soma Katiba ya 2010 pale inapoeleza malengo ya Huduma ya Polisi, kifungu cha 244, na usome Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, kwenye Jedwali la Sita imeandikwa waziwazi afisa ajaribu kwanza njia zisizo na nguvu. Mtu akikuuliza kwa nini unaanza na maneno, una sheria ya nchi yako nyuma yako, huombi msamaha.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni wa Tanga, naishi Leicester, nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee. Niliomba upolisi hapa Uingereza, kwenye usaili nikaeleza jinsi tulivyomshawishi mzee mmoja aliyekuwa amekataa kuoga wiki nzima. Nikarudishiwa majibu kwamba mchango wangu binafsi haukuonekana. Nimeshangaa maana ni mimi niliyefanya yote! (Mwana wa Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Rudi usome barua yako, "tulivyomshawishi". Nani na nani? Sisi tumelelewa hivyo, mtu mzima hasemi "mimi nilifanya", anasema tulifanya, mimi mimi nyingi inaonekana majivuno, na mbele ya watu wakubwa ndo kabisa unajishusha. Tabia nzuri sana hiyo, barazani. Kwenye usaili wa Waingereza inakunyima kazi, kwa sababu yule anayetoa alama ana karatasi yenye vigezo, vimetoka kwenye mwongozo wa Chuo cha Polisi cha kule, na anaandika alichokisikia tu. Akisikia "sisi" hana pa kukuweka.

Siyo kwamba ujisifu. Sema kitendo chako kama shahidi: niliona anakataa zaidi akija mhudumu wa kike, nikamuuliza, nikagundua anaona haya, nikaomba zamu ibadilishwe, nikamwachia avue mwenyewe mimi nikiwa nimegeuka, nikamwambia achague aoge asubuhi au jioni, siku ya tatu akaoga. Hakuna majivuno hapo, kuna kazi. Wenzako waliosaidia wataje pale waliposaidia kweli, meneja alikubali kubadili zamu, basi.

Mfano wako mimi naupenda kwa sababu nyingine. Unamheshimu mtu aliyekataa. Polisi ya London ilianzishwa 1829, na kuna kanuni ambazo mpaka leo zinahusishwa na jina la mwanzilishi wake Robert Peel, ingawa wengi wanaona siye aliyeziandika, na moja inasema nguvu itumike pale tu ambapo ushawishi, ushauri na onyo vimeshindwa. Angalia ushawishi uko wa kwanza kabisa kabla hata ya onyo. Mzee wako wa kuoga anaingia hapo moja kwa moja.

SWALI: Afande naweza kutunga stori kama sina? (Mdau, Singida)

JIBU: Hapana. Utaulizwa "yeye akasema nini?", "mlikuwa wapi?", "ungerudia ungebadilisha nini?" na stori ya kutunga inaishia swali la pili. Halafu fikiria, unaomba kazi ya kusimama mahakamani kuapa. Kila mtu ana stori, aliyemshawishi baba asiuze shamba, aliyemrudisha mdogo wake shule, aliyemwambia kondakta arudishe chenji ya bibi mbele ya abiria. Tafuta yako. Na kama ulijaribu ukashindwa hiyo nayo ni stori, ieleze ulivyojaribu na ulichofanya baada ya kushindwa.

SWALI: Shikamoo afande. Mimi usaili wangu ulikuwa wa Uhamiaji. Mzee mmoja kwenye paneli akabadilika ghafla akaniambia "haya mimi ni mkuu wako, dada yangu yuko Tunduma hana pasipoti anataka kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kwenye msiba wa mumewe, mruhusu, kuna msiba pale". Nikachanganyikiwa, nikasema kwa sababu ni msiba nitamruhusu mara moja tu. (Dada, Songwe)

JIBU: Marahaba mama. Uliandaa jinsi ya kuwashawishi watu ukasahau na wewe utashawishiwa, na watu wanaojaribu kumgeuza askari ni wengi na wanajua kusema. Yule mzee alibana sehemu mbili kwa pamoja, cheo na huruma, na wewe ukaachia huruma. Ukiachia mara moja tu keshokutwa atakuja mwingine na "mara moja tu" yake.

Kukataa kwenyewe kunatakiwa kuwe na njia ya kutokea. "Afande pole sana kwa msiba. Kumvusha bila hati siwezi, ila Uhamiaji tunatoa hati ya dharura ya safari, aje na kitambulisho chake mimi mwenyewe nitamwelekeza ajaze fomu sasa hivi tuone leo inawezekana vipi." Umesikia? Hujamvunjia heshima, hujavunja sheria, na mfiwa hajaachwa barabarani. Akiendelea kubana kwamba yeye ni mkuu wako, unarudia yale yale kwa sauti ile ile, huongezi sababu mpya, maana kila sababu unayoongeza anapata pa kushika. Na kama angekuwekea bahasha mezani hapo hakuna kushawishiana tena, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, unakataa na unaripoti, TAKUKURU wapo.

Ukishasema hivyo nyamaza. Watakukodolea macho makusudi waone kama utaanza kujitetea. Wakikuita awamu nyingine niandikie, ila naomba safari hii usitume saa nane usiku, mstaafu naye analala.